Ujumbe unaojibiwa: Funzo la kondoo wa Lanet Umoja

SIMU ililia saa 10 alfajiri. Aliyepiga alikuwa na habari fupi: wezi wamevamia nyumba ya mwalimu mmoja katika eneo la Lanet Umoja, Nakuru, nchini Kenya. Chifu wa eneo hilo, Francis Kariuki, aliandika ujumbe mfupi kwenye mtandao wa Twitter, ambao leo unaitwa X. Dakika chache baadaye wakazi walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ile, na wezi wakatimua mbio.

Siku nyingine chifu huyo aliandika kuhusu kondoo aliyepotea. Alieleza kwamba ana rangi ya kahawia na nyeupe, ana kamba ya nailoni shingoni, na akamtaja mwenyewe kwa namna ambayo majirani wangemjua. Haukupita muda, kondoo akapatikana. Ng'ombe aliyeibwa alipotangazwa kwa njia hiyohiyo, alikutwa ametelekezwa, amefungwa kwenye nguzo. Kariuki aliwaambia waandishi wa habari kwamba hata wezi wa kijijini walikuwa wakimfuatilia mtandaoni.

Habari za chifu huyo zilienea duniani Februari 2012, na wengi walishangazwa na teknolojia aliyoitumia. Lakini teknolojia yenyewe ilikuwa duni. Katika eneo lenye wakazi wapatao 28,000, wengi walikuwa wakulima wadogo wenye simu za kawaida, nao waliupata ujumbe wake kama SMS. Hapakuwa na picha wala video. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi mamia tu, idadi ambayo kijana yeyote wa Kampala au Kigali leo angeiona aibu.

Kilichowafanya watu waitike ni jinsi ujumbe ulivyoandikwa. Uliandikwa kwa Kiswahili chepesi, ukawahusu watu wanaojulikana, na ukauliza jambo ambalo hata mtoto anayechunga mbuzi angeweza kulijibu: umemwona kondoo huyu?

Leo katika nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wafanyabiashara, walimu, viongozi wa vikundi, makanisa, misikiti na ofisi za serikali huandika mitandaoni kila siku. Wengi wao hupata alama za kupenda mbili tatu, kisha kimya. Wakati huohuo, maneno ya kuudhi hupata majibu maelfu kwa saa moja. Kati ya kimya hicho na kelele hizo ipo njia ya tatu, na Waswahili waliijua kabla ya simu kuvumbuliwa.

KITENDAWILI NA TEGA

Mtega kitendawili hasemi yote. Husema "Kitendawili!" kisha hunyamaza, akingoja waliokaa naye waseme "Tega!" Asipoitikiwa, haendelei. Akishatega, huwaachia wenzake wafikiri, na wakishindwa huwaomba wampe mji kabla ya kuwafungulia jibu. Msikilizaji ana kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Mtega kitendawili anayetega na kujijibu papo hapo hukuta wenzake wameondoka.

Kadi za salamu za redio zilifuata kanuni hiyohiyo. Kabla ya simu za mkononi kuenea, wasikilizaji nchini Kenya na Tanzania walinunua kadi hizo, wakaandika majina ya watu wanaotaka wasalimiwe, wakazituma kwa posta ili mtangazaji azisome hewani. Aliyesikia jina lake hakukaa kimya. Naye alinunua kadi ili arudishe salamu na kuongeza majina mengine. Watu ambao hawakuwahi kuonana walijuana kwa miaka kwa sababu kila salamu ilikuwa na mwenyewe.

Ujumbe mwingi wa leo hauna mwenyewe. "Wananchi wote wanaombwa kudumisha usafi." "Elimu ni ufunguo wa maisha." "Tunawatakia wiki njema." Hakuna anayepinga maneno hayo, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayeyajibu. Yamefungwa pande zote. Msomaji hana mahali pa kuingilia.

Linganisha na mwalimu anayeandika hivi katika kundi la wazazi: "Wazazi wa darasa la nne, wiki hii watoto wengi wamekuja bila kufanya zoezi la hesabu la kugawanya. Nyumbani tatizo ni muda, ni taa, au ni zoezi lenyewe gumu?" Ujumbe huo una watu wake, una jambo moja, na una majibu matatu ya kuanzia. Mzazi aliyechoka anaweza kujibu kwa neno moja, "taa", na bado akawa amesema jambo ambalo mwalimu hakulijua.

WANAOSOMA NA KUNYAMAZA

Kimya si lazima kiwe dharau. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark anayechunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta, alieleza kanuni ambayo imekuwa ikinukuliwa tangu wakati huo: katika jumuiya nyingi za mtandaoni, watu 90 kati ya 100 husoma bila kuandika, 9 huandika mara mojamoja, na 1 ndiye huandika sehemu kubwa ya yote yanayoonekana.

Kwa hiyo kazi ya mwandishi si kumlazimisha kila mtu aseme. Kazi ni kuipunguza ngazi ya kwanza ili yule wa kundi la 90 aweze kuipanda. Swali la "Mnaonaje hali ya uchumi wa Afrika Mashariki?" ni ngazi ndefu. Linahitaji mtu aliyesoma, mwenye muda, na asiyeogopa kukosea mbele za watu. Swali la "Kilo ya sukari mtaani kwako leo ni bei gani?" ni ngazi fupi. Kila aliyepita dukani analo jibu. Na majibu 20 ya bei ya sukari kutoka Goma, Gitega, Mbarara na Mwanza yakiwekwa pamoja, yanazungumzia uchumi kuliko lile swali la kwanza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Karen Huang, Alison Wood Brooks na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani ulichunguza mazungumzo ya watu wasiofahamiana. Waliouliza maswali zaidi walipendwa zaidi na waliozungumza nao. Yaliyosaidia hasa ni maswali ya kufuatilia, yaani yale yanayotokana na jibu ambalo mtu ametoka kulitoa. Swali la aina hiyo humwonyesha msemaji kwamba amesikilizwa.

KOMPYUTA INAPIMA NINI

Wenye mitandao nao wanajua thamani ya jibu. Machi 2023 Twitter iliweka hadharani sehemu ya programu inayochagua ujumbe upi umfikie nani. Programu hiyo hukadiria uwezekano wa msomaji kufanya jambo fulani, kisha huzidisha makadirio hayo kwa uzito uliopangwa. Katika mizani iliyotolewa wakati huo, kupenda ujumbe kulipewa uzito wa 0.5 na kuusambaza 1. Kuujibu kulipewa 13.5. Jibu ambalo mwandishi wa ujumbe naye amelishughulikia lilipewa 75. Kwa upande wa pili, ujumbe unaoripotiwa kuwa mbaya ulipunguziwa 369.

Wenye mtandao hubadilisha namba hizo wanapotaka, lakini uwiano wake unafundisha. Jibu lililojibiwa lilikuwa na uzito mara 150 ya alama ya kupenda. Anayeandika kisha akatoweka hadi kesho anaacha mezani sehemu kubwa ya faida yake.

Facebook ilipita njia hiyo mapema zaidi, na historia yake inaonya. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba mtandao huo ungeyapa kipaumbele mambo yanayowafanya watu wazungumze wao kwa wao. Lengo lilionekana jema. Lakini nyaraka za ndani zilizofichuliwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, zilionyesha kwamba wafanyakazi wenyewe walikuwa wameonya: mfumo unaothamini majibu huyathamini pia majibu ya ghadhabu. Kuanzia mwaka 2017 alama ya uso wenye hasira ilikuwa ikihesabiwa mara 5 ya alama ya kupenda. Mwaka 2020 kampuni iliishusha hadi sifuri.

Wapo pia waliojaribu kuidanganya kompyuta. "Andika AMINA upokee baraka." "Penda kama unampenda mama yako, pita kama humpendi." "Mtaje rafiki mchoyo." Ujumbe wa namna hii ulijaa kiasi kwamba Desemba 2017 Facebook ilitangaza kwamba ingeushusha chini, pamoja na kurasa zinazourudia. Hata bila adhabu hiyo, hasara yake iko wazi. Amina 500 zilizopangwa mstari mmoja mmoja si mazungumzo, kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake.

JIBU LA HASIRA NI RAHISI

Ukanda huu una mfano wake unaokumbukwa. Oktoba 3, 2022, Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda aliandika kwenye Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji wiki mbili kuiteka Nairobi. Wakenya walimiminika kujibu, wengine kwa hasira, wengi kwa utani. Ujumbe huo ulipata majibu mengi sana. Siku iliyofuata aliondolewa kwenye ukamanda wa majeshi ya nchi kavu, ingawa alipandishwa cheo. Oktoba 5, Rais Yoweri Museveni aliwaomba radhi Wakenya kwa maandishi.

Kwa hesabu ya kompyuta, ujumbe ule ulifanikiwa sana. Kwa hesabu ya ujirani, ulihitaji rais kuingilia kati. Utani wa Wakenya ulisaidia kupoza mambo, lakini si kila mpaka wa ukanda huu una mzaha wa kutosha. Mashariki ya Kongo na katika nchi za Maziwa Makuu, neno moja kuhusu kabila au uraia wa mtu linaweza kumfuata hadi mlangoni kwake. Mwandishi anayetafuta majibu kwa kuchokonoa jeraha la jirani hupata majibu, lakini haamui yatakapoishia.

Kipimo kinachosaidia kabla ya kutuma ni kujiuliza: jibu la kwanza nitakalolipata litakuwa la namna gani? Ikiwa ni tusi, ujumbe umeomba tusi. Ikiwa ni "kweli kabisa", ujumbe haujaomba kitu. Ikiwa ni "kwetu huku sisi hufanya hivi", mazungumzo yameanza.

"BEI INBOKSI"

Wafanyabiashara wa ukanda huu wana desturi moja inayoua mazungumzo kabla hayajazaliwa. Mtu anaweka picha nzuri ya viatu, kitenge au mahindi, na chini yake anaandika: "Bei njoo inboksi." Anayeuliza hadharani hujibiwa, "Nimekutumia." Wengine 30 waliotaka kujua bei ileile hupita kimya, wakidhani imefichwa kwa sababu ni kubwa au kwa sababu kila mteja hutajiwa yake.

Chukua mfano wa muuza maharage pale Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Akiandika, "Maharage mazuri yapo, bei poa, karibuni wateja," hatapata wa kumjibu. Maneno hayo yameandikwa na kila muuza maharage tangu mitandao ianze. Sasa aandike hivi:

"Maharage ya njano, gunia la kilo 100, yapo Mutukula upande wa Uganda. Gunia ni shilingi 320,000 za Uganda. Nina magunia 14. Ndugu zangu wa Masaka na Bukoba, kwenu wiki hii gunia linauzwaje? Na nani ana lori linalorudi tupu Jumamosi?"

Ujumbe wa pili una mambo manne ya kujibiwa. Mwenye bei ya Bukoba ataitaja. Mwenye lori atajitokeza. Anayeona bei ni kubwa atasema, na muuzaji atapata nafasi ya kueleza kwa nini: maharage yamechambuliwa, gunia ni kilo 100 kamili za mizani, halijapimwa kwa debe. Mama mmoja akiandika, "Kaka, ya mwezi uliopita yalikuwa na mawe," hilo nalo ni zawadi. Akijibiwa kwa adabu, "Pole sana dada, ni kweli, safari hii yamechambuliwa, njoo uyaone kabla ya kulipa," wateja wengine kumi wamesoma na wametulia. Akifutiwa maoni yake, hao kumi nao wamesoma, na wameelewa.

Jibu lililotolewa hadharani mara moja humhudumia pia yule aliyeona haya kuuliza.

SAA IPI, SHILINGI IPI?

Anayeandikia watu wa nchi moja anaweza kuacha mambo mengi bila kuyasema. Anayeandikia majirani hawezi. Neno "shilingi" pekee lina nchi nne katika Jumuiya: Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia, na thamani zake hazikaribiani. Shilingi 1 ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. "Faranga" nayo inaweza kuwa ya Rwanda, ya Burundi au ya Kongo. Bei isiyotaja sarafu huleta majibu mengi, lakini yote ni ya kuuliza, "Shilingi za wapi?" Mazungumzo yanaisha kabla hayajafika kwenye bidhaa.

Saa ni mtego mwingine. Anayesema "tukutane saa 2" anaweza kumaanisha saa 2 ya Kiswahili au saa 2 ya Kizungu, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya saa 6. Juu ya hilo, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja ikilinganishwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Kwenye daraja la Rusumo, anayevuka kutoka Tanzania kuingia Rwanda hurudisha saa yake nyuma. Ujumbe unaoita watu kwenye mkutano au mnada uandike: "saa 3 asubuhi, saa za Rwanda, saa 4 asubuhi, saa za Tanzania." Ni maneno machache, na huokoa majibu 15 ya kuulizia.

Gharama ya msomaji pia ihesabiwe. Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, na mwaka 2021 kodi hiyo ikapisha kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Facebook nayo ilifungwa nchini humo Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Watu wamezoea kupima kila megabaiti. Bei, mahali na swali vikiwa ndani ya video ya dakika tatu, mwenye bando dogo hatavifikia. Vikiandikwa katika mistari miwili ya juu, atavisoma hata bila kufungua picha.

ANAYECHEKWA HARUDI

Jambo kubwa zaidi kwa ujirani ni lugha yenyewe. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, sambamba na Kifaransa. Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likachukua hatua hiyohiyo Julai 2022. Lakini azimio la mkutano halimpi mtu ujasiri wa kuandika.

Nchini Uganda, vizazi vizima vilikijua Kiswahili kama lugha ya askari, na wengi wanajifunza upya wakiwa watu wazima. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu anacho Kiswahili tangu utotoni, ila si kile cha Unguja. Mtu huyo anaposhika simu na kuandika jibu lake la kwanza, pengine ataandika "ile kitabu" au "watu yote". Kinachotokea katika dakika inayofuata ndicho kinachoamua kama ataandika tena.

Katika makundi mengi humwibukia mjuzi wa ngeli. Huyo hajibu hoja. Anasahihisha neno moja, anaweka uso wa kucheka, na wengine wanamfuata. Aliyeandika hufuta ujumbe wake na kurudi kwenye lile kundi la 90 wanaosoma kimya. Kundi limepoteza habari aliyokuwa nayo: bei ya Bukavu, hali ya barabara ya Bunagana, dawa ya mdudu wa mahindi iliyofanya kazi shambani kwake.

Mwenye ukurasa anaweza kuzuia hilo bila kugombana na mtu. Njia iliyo nyepesi ni kulijibu jambo lenyewe huku akilitumia neno sahihi: "Asante kaka. Kitabu hicho kinapatikana wapi huko Lubumbashi?" Mwenye kujifunza ataona. Asiyetaka kujifunza atakuwa amejibiwa. Kiswahili hakijapungukiwa, na mazungumzo yanaendelea. Msimamizi wa kundi akiwa na desturi hiyo kwa mwezi mmoja, wanakundi huiiga bila kuambiwa.

BAADA YA KUTUMA

Wengi hudhani kazi ya kuandika inaisha ujumbe unapotumwa. Kwa anayetaka mazungumzo, hapo ndipo inapoanza, na ipo mikono michache inayoisukuma mbele.

Kwanza, atume wakati ambao yeye mwenyewe ana nafasi ya kukaa. Muuza maharage anayetuma saa 12 asubuhi kisha akapanda basi la saa tano hawezi kujibu. Afadhali atume jioni, watu wakiwa wametulia na yeye akiwa nao.

Pili, amjibu mtu kwa jina au kwa heshima anayoitwa kwao: Mama Neema, Mzee, Afande, Mwalimu. Alama ya dole gumba ni risiti tu. Jina ni salamu.

Tatu, kila jibu lizae swali dogo. Mtu akisema, "Kwetu Kasese mvua imechelewa," usimwambie "pole" ukaishia hapo. Muulize, "Mmeshapanda au mnangoja?" Mwingine wa Fort Portal atasikia na kuongeza.

Nne, majibu yakikusanyika, mwandishi ayarudishe kwa waliotoa. "Jana mlinipa bei 11. Ya chini kabisa ilitoka Masaka, ya juu ilitoka Mwanza. Asanteni." Aliyechangia akiona neno lake limetumika, kesho atachangia bila kuombwa.

Tano, ajue pia kufunga mlango. Ugomvi wa matusi ukianza, msimamizi aseme mara moja na kwa upole, kisha aondoe matusi na abakize hoja. Kundi linaloachwa liwe uwanja wa matusi huondokewa kwanza na wastaarabu, na hao ndio waliokuwa na la kusema.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji simu ya bei kubwa au kozi ya ughaibuni. Yanahitaji mtu aliyeamua kwamba anaowaandikia wanajua jambo ambalo yeye halijui. Chifu wa Lanet Umoja hakujua kondoo alipo. Alikiri hivyo mbele ya watu wake wote, akaeleza alama za mnyama, akangoja. Aliyekuwa amemwona akasema.